Mdau Aliyeitwa Mlima Chetezo

Nilivyofika Warshani si habari ya kumchosha msomaji. Yatosha kusema kwamba nilipotea njia, nikavuka mpaka bila kuuona, na mtu wa kwanza kukutana naye hakuniuliza jina wala nitokako. Alininyooshea mkono, akasema, "Itifaki?"

Nikabaki nimeduwaa. Akanisogelea kwa huruma, kama mtu anayemfundisha mtoto kuamkia wakubwa, akaninong'oneza, "Sema, imezingatiwa."

Nikasema. Akafurahi sana, tukapeana mikono, na kuanzia hapo nikahesabiwa kuwa mtu mwenye adabu zake.

Mimi ni mkalimani wa mahakama niliyestaafu. Kazi yangu ilikuwa kuyabeba maneno ya watu kutoka upande mmoja hadi wa pili bila kuyatia chumvi, nami nitajitahidi kufanya hivyo hivyo hapa, ijapokuwa najua kuna watakaosema nimetia.

Warshani ni nchi nzuri, yenye ardhi nyeusi na watu wakarimu. Sheria yao kuu ni moja: jambo lolote halijulikani mpaka lijadiliwe kwenye semina. Kabla ya hapo ni tetesi, hata kama limekuangukia kichwani. Nilikuwapo sokoni siku moja mvua kubwa ikinyesha, wakati semina ya masika ilikuwa imeahirishwa kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa safarini. Watu walilowa chapachapa na hakuna aliyekimbia. "Ni unyevu ambao haujathibitishwa," muuza vitunguu mmoja aliniambia, maji yakimchuruzika puani.

Vilevile neno "hatari" limepigwa marufuku katika mazungumzo ya serikali. Wao husema "changamoto". Nyumba ikishika moto, jirani huwapigia simu wazima moto kuwaarifu kwamba pana changamoto yenye joto. Na jambo likiwa baya kiasi kwamba hata changamoto haitoshi, huitwa fursa.

Mambo haya yote yapo chini ya Wizara ya Makutano ya Sayansi na Sera. Jengo lake ni kubwa na lina milango miwili ya mbele. Wanasayansi huingilia wa kushoto, watunga sera wa kulia, na katikati kuna ukumbi wenye meza ndefu ya sambusa. Niliichunguza meza ile kwa siku kadhaa. Naweza kushuhudia kwamba sayansi na sera hukutana kweli Warshani, lakini hukutana hapo tu, na hasa zikibaki sambusa chache.

Waziri wa Makutano aliitwa Mheshimiwa Dadi Kirungi. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumkatalia mtu jambo lolote, wala kulitekeleza. Alinipokea ofisini kwake kwa mikono miwili.

"Umetoka mbali?" akaniuliza.

"Mbali kiasi, Mheshimiwa."

"Basi wewe ni mtaalamu."

Nikamweleza kwamba mimi ni mkalimani tu, tena mstaafu. Akacheka, akamkonyeza katibu wake. "Unamsikia? Unyenyekevu! Hiyo ndiyo dalili ya kwanza."

Nilikuja kufahamu kwamba semina ya Warshani haiwi halali bila Mtaalamu Mgeni. Aliyekuwapo kabla yangu alikuwa ameoa huko na kuijua nchi vizuri, na kwa sababu hiyo utaalamu ukawa umemtoka. Kesho yake nikavishwa kitambulisho shingoni, nikaketishwa meza kuu.

Semina yenyewe ilihusu Mlima Chetezo. Mlima huo unauangalia mji mkuu kwa mbali, na kwenye tumbo lake kuna kijiji kiitwacho Miteremkoni, ambako watu hulima viazi na kufuga mbuzi. Tangu zamani mlima ulikuwa ukitoa moshi mwembamba kama chetezo cha ubani, ndipo ukapewa jina hilo, lakini wiki zile moshi ulikuwa umenenepa na kubadilika rangi.

Aliyeleta habari hizo alikuwa Daktari Raya Shomvi, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye viatu vilivyojaa vumbi jeusi. Ujana wake wote ulikuwa umeishia kwenye mlima huo, akiupima joto kama mama anavyompima mtoto mwenye homa. Alisimama, akasema maneno machache.

"Mlima utalipuka kabla ya masika kwisha. Watu wa Miteremkoni wahamishwe, wavuke Mto Rasimu, wakae uwandani. Nimemaliza."

Ukumbi ukapiga makofi kwa heshima. Mheshimiwa akamshukuru kwa mada nzuri, akasema kwamba changamoto imepokelewa, kisha akampa nafasi Profesa Bushiri Tamimu.

Hapa lazima nieleze sheria ya mizani. Warshani hakuna utafiti unaosikilizwa peke yake. Kila anayesema jambo, huketishwa karibu naye mtu wa kusema kinyume, na mtu huyo huitwa Mpinzani wa Lazima. Kwa upande wa mlima, kazi hiyo ilikuwa ya Profesa Tamimu, mzee nadhifu mwenye tai ya kipepeo. Akasimama, akasoma kwa sauti nzuri kwamba mlima umetulia, kwamba moshi ni pumzi tu, na kwamba hata binadamu hupumua bila kulipuka.

Kando ya meza kuu palikuwa na kiti kitupu chenye kibao kilichoandikwa MLIMA CHETEZO. Nilidhani ni cha mtu mwenye jina hilo. Katibu akanieleza kwamba sheria inataka kila mdau mkuu aalikwe, na mlima ulikuwa umealikwa kwa barua.

"Na usipokuja?" nikauliza.

"Kukaa kimya ni kukubali."

Wakati huo huo sakafu ikatikisika, vikombe vikagongana, na mngurumo mzito ukapita chini ya miguu yetu kama lori lililojaa mawe. Mheshimiwa akagonga kengele yake ndogo. "Mdau atachangia baada ya chai," alisema. "Tuzingatie muda."

Wakati wa chai, vumbi jembamba la kijivu lilikuwa likidondoka kutoka kwenye mwanya wa paa na kuingia vikombeni. Mjumbe mmoja alisifu kwamba leo wameweka pilipili manga. Nikamkuta Profesa Tamimu dirishani, anautazama mlima kwa macho ya mtu anayedaiwa roho yake.

"Profesa," nikamwambia, "kweli unaamini umetulia?"

Akatazama huku na huku. "Ndugu yangu, mimi nilishahamisha vitanda, makabati na mama mkwe wangu. Wote wako ng'ambo ya mto."

"Lakini umesimama mbele za watu ukasema..."

"Nimeajiriwa kupinga," alinikatiza, "sikuajiriwa kuungua."

Semina ikagawanyika katika vikundi vya kazi, vikundi vikateua vikundi vidogo, na jioni yakasomwa maazimio: kwamba suala la mlima lichukuliwe na kufanyiwa kazi, na kwamba iandaliwe semina nyingine ya kujadili namna bora ya kuandaa semina hiyo. Tukapigwa picha ya pamoja. Daktari Raya hakuonekana pichani. Alikuwa ameketi kwenye ngazi za nje, viganja vimefunika uso.

Nikakaa karibu naye. Nikamwambia nasikitika kwa jinsi walivyompuuza.

"Sisikitiki kwamba hawaniamini," alisema. "Wangekuwa hawaniamini ningewabishia. Wananiamini kabisa, Bwana Mkalimani. Wananipigia makofi. Halafu hakuna kinachotokea."

"Na wenyewe wa Miteremkoni, umewaambia?"

"Njoo kesho uone mwenyewe."

Kesho yake tukapanda. Kijiji kilikuwa kizuri mno: nyumba za udongo zilizopakwa chokaa, mashamba ya viazi yamepangwa kama kurasa, na chini ya vyote hivyo joto. Niliweka kiganja ardhini nikakiondoa upesi. Kiongozi wa kijiji alikuwa mjane aitwaye Bi Kazija, mama mfupi mwenye sauti ya kuweza kumwita mbuzi aliye kilima cha pili. Tulimkuta anachimba viazi, na viazi vilitoka vimekwisha kuiva nusu.

"Mnaona?" akatuambia. "Siku hizi hatutafuti hata kuni."

"Bi Kazija," alisema daktari, "hili ndilo ninalokuambia kila siku. Hameni. Nakuomba."

"Na mimi nakujibu kila siku. Wewe umekuja peke yako, na viatu vyako. Serikali haijasema neno. Leo nikiwaambia watu wang'oke waache mashamba yao kwa tetesi, kesho wakirudi wakute yamechukuliwa na mkubwa fulani, watanila mimi badala ya viazi." Akajifuta jasho na upindo wa kanga. "Halafu, mwanangu, kuna jambo moja linaniuma. Hawa wa mjini kila wakikaa wanatuita wadau. Wadau wa Miteremkoni hivi, wadau wa Miteremkoni vile, tunasikia redioni. Tangu nizaliwe tunaitwa wadau, na hatujawahi kuitwa."

Nilimwona Daktari Raya ameukodolea macho mto ulioko bondeni, na ule uwanda mpana wenye majani ulio ng'ambo yake.

"Mkiitwa," alisema polepole, "mtakwenda?"

Bi Kazija akacheka. "Semina? Nani Warshani alishawahi kukataa mwaliko wa semina? Hata vilema watabebwa."

Njiani wakati wa kurudi daktari alitembea haraka mno nikashindwa kumfuata. Moja kwa moja akaenda kwa Waziri, nami nyuma yake nikihema.

"Mheshimiwa," alisema, "naomba semina. Ifanyikie uwandani, ng'ambo ya Mto Rasimu. Na washiriki wawe watu wote wa Miteremkoni."

"Wote?"

"Wote. Vikongwe, watoto wachanga, wote ni wadau. Na kwa kuwa maisha yao ni kilimo na mifugo, waje na mbegu zao na mbuzi wao, kwa ajili ya maonyesho."

Uso wa Mheshimiwa ulianza kung'aa, kwa maana semina ya ukubwa huo ilikuwa haijawahi kufanyika katika historia ya nchi. Kisha kikamjia kivuli. "Lakini mada yako, Daktari, inaogopesha. Mlima kulipuka! Mgeni rasmi hawezi kufungua jambo la namna hiyo. Labda tukibadilisha kichwa cha habari. Kitu kama 'Faida za Mlima Uliotulia'."

"Sawa."

"Na ili mada ikubalike, itabidi wewe mwenyewe utangaze kwamba umetulia. Hadharani, redioni. Kwamba ulikosea."

Nilimtazama daktari. Mtu aliyeupima mlima ule ujana wake wote, aliyejua kila ufa wake kwa jina, alikuwa anaombwa aseme hajui kitu.

"Nilikosea," alisema. "Mlima umetulia."

Mheshimiwa akapumua. Bado aliona shaka kidogo kuhusu uwanda, kwa kuwa hauna ukumbi, basi akanigeukia. "Mtaalamu Mgeni anasemaje? Uzoefu wa kimataifa ukoje?"

Maisha yangu yote nilikuwa nimetafsiri maneno ya wengine. Siku ile nilisema ya kwangu. "Kwetu, Mheshimiwa, semina nzuri zote hufanyika mbali na mlima."

"Andika hilo," akamwambia katibu. "Andika kama lilivyo."

Mtu aliyeumia kwa uamuzi huo alikuwa Profesa Tamimu. Daktari alipotangaza redioni kwamba mlima umetulia, sheria ya mizani ikamgeukia: sasa ilimpasa yeye kusema kwamba utalipuka. Alimjia daktari mbio, tai imekwenda upande. "Raya, unanifanyia nini? Nimekuwa nikiutetea mlima huu maisha yangu yote!"

"Basi pumzika kuutetea, Profesa. Soma karatasi zangu za zamani. Zote zipo pale wizarani, hakuna aliyezifungua."

Siku ya semina ilipofika, watu wa Miteremkoni waliteremka tangu alfajiri. Sijaona msafara kama ule. Wanawake walivaa kanga mpya, wanaume makoti ya harusi zao, vikongwe walibebwa kwenye machela, na mbuzi wenyewe walifungwa utepe shingoni. Wote walikuwa wakiimba. Moshi nyuma yao ulikuwa mweusi kama sufuria, lakini hakuna aliyegeuka kuutazama, maana macho yao yalikuwa kwenye mahema meupe uwandani na bango kubwa lenye maandishi ya dhahabu.

Bi Kazija alikuwa wa mwisho kuvuka. Alikuwa amebeba kichwani kinu chake na mchi. Alipofika kwa daktari, aliyesimama kwenye daraja akiwapokea, akasimama.

"Semina gani hii ya kuja na mbegu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Daktari akageuka kuutazama mlima.

"Usinijibu," alisema Bi Kazija. "Wewe umeitangazia nchi nzima kwamba mlima umetulia, na jicho lako halitoki mlimani. Nimewaambia wang'oe na milango, waje nayo. Tumesema ni ya maonyesho."

Akapita zake.

Semina ikafunguliwa kwa dua, wimbo na utambulisho, na kwa kuwa kila mshiriki ilibidi atambulishwe, utambulisho peke yake ulikula asubuhi yote. Baada ya pilau, daktari akasoma mada yake kuhusu mlima uliotulia. Aliisoma bila kuinua macho. Kisha akaitwa Profesa Tamimu kupinga.

Maskini profesa alikuwa amezisoma kweli karatasi zile za wizarani, na kadiri alivyozisoma ndivyo alivyozidi kukonda. Akaanza kwa sauti ya kutetemeka. "Kwa heshima kubwa, natofautiana na mtoa mada. Kwa mujibu wa vipimo vya joto, mlima huu utalipuka. Tena, kwa hesabu nilizoziona, unaweza kulipuka wakati wowote, hata..."

"Profesa ana ushahidi?" aliuliza Mheshimiwa.

Basi Mlima Chetezo ukachangia.

Sina maneno ya sauti ile. Ilipiga kwanza kifuani ndipo ikaja masikioni. Mahema yalilala chini kisha yakainuka, bango likapasuka katikati, mbuzi wakalia kwa pamoja. Mheshimiwa, ambaye hakuwa mtu mwoga bali mtu wa mazoea, aligonga kengele na kusema, "Mdau azingatie muda," kisha akaingia chini ya meza.

Sisi wengine tukatoka nje. Kule ng'ambo, kilele cha mlima hakikuwapo tena. Nguzo ya moshi ilikuwa imepanda mpaka ikafunika jua, na kutoka tumboni kwa mlima uji mwekundu ulikuwa ukiteremka bila haraka, ukipita mashambani, ukipita kisimani, ukiingia nyumba baada ya nyumba. Chokaa nyeupe iling'aa kidogo kisha ikatoweka. Hakuna aliyepiga kelele. Akina mama walikuwa wakishikashika vichwa vya watoto wao, wakirudia tena na tena, kuhakikisha wapo. Walikuwapo. Kila mtu alikuwapo. Mwanamume mmoja mwenye koti la harusi alikaa chini kwenye majani, akalia kama mtoto, na Bi Kazija akaenda kusimama nyuma yake, mkono begani.

Mheshimiwa alipotoka chini ya meza, alijipangusa magoti na kuutazama umati. Machozi yalimlenga, na nadhani yalikuwa ya kweli.

"Ndugu washiriki," alisema, "leo mmeona kwa macho yenu. Semina huokoa maisha."

Walimshangilia. Ningembishia vipi, na siku ile hakusema uongo?

Ikabaki kufanya maazimio. Ilithibitishwa kwamba mlima ulikuwa umelipuka, kwa asilimia kubwa. Profesa Bushiri Tamimu akatunukiwa Nishani ya Utabiri kwa kuutabiri mlipuko mbele ya mashahidi, dakika chache kabla haujatokea. Aliipokea kichwa kimeinama. Baadaye alimfuata daktari akitaka kuivua amvishe yeye.

"Iache hapo, Profesa," daktari alimwambia. "Imekukaa vizuri. Na kwa kweli uliisoma ile hesabu bila kukosea."

Kwa daktari mwenyewe, sheria ilikuwa na kifungu kikali. Mtafiti anayethibitika kuwa alitoa mada ya uongo huadhibiwa kwa kutohudhuria semina yoyote hadi mwisho wa uhai wake. Mheshimiwa aliisoma hukumu kwa sauti ya msiba, na washiriki wakaguna kwa huruma, maana huko hakuna adhabu iliyo nzito kuliko hiyo. Daktari Raya akafunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika. Nilikimbilia kumshika. Alikuwa anacheka.

Kabla ya dua ya kufunga, Mheshimiwa akauliza kama kuna mengineyo. Bi Kazija akanyoosha mkono.

"Mimi nina mchango mmoja," alisema. "Tunalala wapi?"

"Swali zuri sana," alijibu Mheshimiwa. "Tutalichukua."

"Hapana, mwanangu, usilichukue. Liache hapa hapa. Nimeambiwa semina ikiwa haijafungwa, washiriki hulazwa na kulishwa na serikali. Ni kweli?"

Katibu akafungua kanuni, akanong'ona kwamba ni kweli.

"Basi sisi hatujamaliza kuchangia."

Na wakachangia. Mmoja baada ya mwingine walisimama kueleza habari za viazi, na aliyemaliza kueleza alitoka nje kwenda kupanda. Milango ile iliyoletwa kwa maonyesho ikasimamishwa, na kuta zikafuata nyuma yake.

Niliondoka Warshani masika yakiwa yamekwisha, na mahema mengi yalikuwa yameezekwa kwa nyasi. Asubuhi ya kuondoka kwangu nilimkuta Daktari Raya kwenye uzio wa Bi Kazija, mfuko wa vipimo begani, anaelekea darajani. Sura yake ilikuwa imenawiri.

"Siku hizi napima tangu asubuhi mpaka jioni," aliniambia. "Hakuna anayeniita popote."

"Na ukigundua jambo, utamwambia nani?" nikamuuliza.

Bi Kazija aliinuka kutoka katikati ya matuta yake, jembe mkononi.

"Ataniambia mimi," alisema. "Nami nitapiga kelele."